Mvua kwa Amri ya Mahakama

Hakimu Mihayo Luhende hakuwa na gari, wala dereva wa kumlalamikia. Hakuwa na maktaba. Alikuwa na rafu moja tu iliyopinda katikati kama mgongo wa punda mzee. Hakuwa na kiyoyozi, hakuwa na mjomba serikalini, hakuwa na nywele za kumpeleka kwa kinyozi. Hakuwa na subira kwa mawakili wasemaji, wala hakuwa na ujasiri wa kuwanyamazisha. Haya yote alikuwa ameyazoea, na mtu akiuzoea upungufu wake hulala usingizi. Lakini msimu ule wa kupanda alikosa kitu ambacho hakimu akikikosa ni sawa na mkulima kukosa jembe. Alikosa sheria.

Si kwamba sheria hazikuwapo. Zilikuwapo tele, zimejaa ndani ya Kinasa, kile chombo cheusi kilichowekwa juu ya meza ya kila mahakama nchini. Kinasa kilisikiliza kila neno na kuliandika, na uamuzi ulipotolewa kiliusambaza kwa mahakimu wote kabla mate ya aliyeusoma hayajakauka. Hakimu Mihayo alikiuliza: maji ni ya nani? Kikamjibu: ya mto ni ya umma, ya ziwa ni ya umma, ya kisima ni ya umma kwa kibali, na yaliyo chini ya ardhi vivyo hivyo. Akauliza: na yaliyo mawinguni? Kinasa kikasema, "Hakuna kifungu."

Na mawingu ndiyo yaliyowaleta watu mahakamani.

Juu ya Kilima cha Ikungulu, kampuni iliyoitwa Mawingu Mema ilikuwa imesimamisha safu ya minara myembamba ya rangi ya fedha, isiyotoa moshi wala sauti. Mawingu yaliyotoka upande wa ziwa yalifika pale kilimani yamejaa, yakamwaga mvua yote ndani ya uzio wa kampuni, kwenye miparachichi, kisha yakapita juu ya vijiji vya bondeni yakiwa meupe na mepesi kama pamba iliyochambuliwa. Huko bondeni mahindi machanga yalianza kujikunja kama vidole vya mgonjwa. Vijana walikwisha anza kuulizana ni duka gani lenye mafuta ya taa mengi. Hawakuwa na taa za kutia mafuta hayo. Kila nyumba ilikuwa na umeme wa jua. Hakimu alilisikia hilo sokoni, akajua ni mafuta ya kupandishwa kilimani.

*

Chumba cha mahakama kilijaa mpaka madirishani. Kizimbani alisimama Injinia Kajiru Mbwambo, msimamizi wa minara, mtu mwenye miwani na shati lililopigwa pasi, mzaliwa wa milima ya Upare.

"Mpare ameshtakiwa na Wasukuma!" sauti ikatoka dirishani. "Leo dunia imepinduka! Si yeye ndiye hushtaki?"

Watu wakaangua kicheko. Injinia mwenyewe akatabasamu. "Mheshimiwa, kushtakiwa ni jambo geni kwetu, hilo kweli. Lakini nyumbani wakisikia kuna kesi na mimi nimo, watafurahi hivyo hivyo."

"Kimya mahakamani," alisema Hakimu, ingawa moyoni alikishukuru kile kicheko. Watu wanaocheka hawajaanza kurusha mawe.

Wakili wa Serikali alikuwa Adventina Rwegoshora, mwanamke mrefu kutoka Bukoba, aliyevaa joho lake kama aliyezaliwa nalo. Alimtaka Injinia aieleze mahakama minara ile hufanya nini, tena kwa maneno ambayo mtu wa shamba angeyaelewa.

"Wingu ni kama ng'ombe," alisema Injinia, na mara moja ukumbi ukatulia, maana pale ng'ombe alikuwa habari ya watu wazima. "Maji yamo ndani yake, lakini ni matone madogo mno, madogo kuliko unga uliochekechwa. Hayana uzito wa kuanguka. Mnara unapuliza hewani chembe zenye umeme. Zile chembe huyavuta matone yakashikana, yakawa mazito, yakashuka. Ng'ombe hateremshi maziwa mpaka ndama aguse kiwele. Mnara ndiye ndama."

Mzee Ng'wandu Salagwa, msemaji wa vijiji vya bondeni, alikuwa ameketi mstari wa mbele, fimbo yake magotini. Akanyoosha mkono. "Naomba kuuliza, mheshimiwa. Ndama tumemwona. Ng'ombe ni wa nani?"

Injinia alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Hilo, mzee wangu, chuoni hatukufundishwa."

Hapo ndipo Wakili Adventina alipotoa silaha yake. Ilikuwa ni Sheria ya Ramli na Uchawi, kongwe, iliyotungwa na watawala wa kigeni waliowaogopa waganga kuliko bunduki. Ilibaki vitabuni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Kifungu chake kimoja kilisema kwamba mtu yeyote atakayetumia kitu, dawa au kafara kuzuia mvua ya wengine, kwa uwezo usioonekana kwa macho, atakuwa ametenda kosa, na mahakama yaweza kuamuru kitu hicho kikomeshwe mara moja.

"Kitu kipo, tunakiona kilimani," alisema wakili. "Uwezo usioonekana upo, mshtakiwa mwenyewe ameueleza. Sasa nakuja kwenye kafara." Akainua picha. Ndani ya picha alikuwapo Injinia, mwenye kofia ya kazi kichwani na kisu mkononi, na chini ya mnara wa kwanza amelala kondoo.

"Ni wewe huyu?"

"Ni mimi."

"Nani alikuambia uchinje?"

"Wazee. Waliniambia Ikungulu hakichimbwi kabla ya kusalimiwa. Mimi nimelelewa, mheshimiwa. Mgeni akiambiwa avue viatu, huvua."

"Wazee gani?"

Injinia alimtazama Mzee Ng'wandu. Mzee Ng'wandu aliitazama fimbo yake.

"Kondoo alikuwa wa rangi gani?"

"Mweusi."

"Kwa nini mweusi?"

"Niliambiwa mweupe hafai."

"Hafai kwa jambo gani?"

Injinia aliona shimo, lakini mguu ulikwisha tangulia. "Kwa mvua," akasema.

Ukumbi ukanguruma kama pipa tupu lililobingirishwa.

*

Hakimu aliwaita wote wawili ofisini kwake, wakili na mshtakiwa, na mlango akauacha wazi ili asije akasemwa.

"Wakili," alisema, "wewe unaamini kwamba huyu ni mchawi?"

"Siamini hata kidogo, mheshimiwa."

"Basi?"

Adventina akakaa, joho likamwagika sakafuni. "Nilikuwa katibu wa kamati ya Muswada wa Maji ya Angani. Tulipoanza kuuandika, mvua ilivutwa kwa ndege zinazomwaga chumvi mawinguni. Tukaandika habari za ndege. Muswada ulipofika kusomwa, ndege zimeachwa, wanatumia droni. Tukaurudisha, tukafuta 'ndege', tukaandika 'chombo kirukacho'. Ulipotoka tena, droni zimeachwa, wameleta minara. Mnara hauruki. Sasa uko mezani kwa mtu fulani anayetafuta tafsiri ya neno 'wingu'. Mimi nimechoka kumkimbilia farasi huku nikimshonea hatamu. Nimechukua kamba niliyoikuta zizini."

"Kamba iliyooza huweza kumnyonga asiyehusika."

"Na mahindi yasiyo na maji hufa, mheshimiwa. Hilo halihitaji methali."

Injinia, aliyekuwa amesimama kando ya rafu, alikohoa. "Naomba niseme neno ambalo wakili wangu, kama ningekuwa naye, angenizuia kulisema. Nayaona mahindi yale kila asubuhi nikipanda kilimani. Nikizima minara kwa hiari yangu, kampuni itanifukuza na mwingine ataiwasha kabla sijafunga sanduku. Lakini amri ya mahakama wataitii, mkataba wao unasema hivyo. Niamrisheni. Ya uchawi, ya uzururaji, ya kufuga nguruwe mjini, yoyote ile. Mradi ina muhuri, nazima."

"Unaomba kutiwa hatiani?"

"Naomba amri ya muda tu. Hatia tutaizungumza baadaye, sisi Wapare kesi ndefu haitutishi."

Hakimu Mihayo hakucheka. Alisimama dirishani. Uani watu hawakuwa wametawanyika. Walikaa juani kwa makundi, kimya, wakitazama juu, ambako wingu kubwa la kijivu lilikuwa likipita taratibu kuelekea kilimani kama mtu anayejua anakokwenda. Akasikia mtu akililaani wingu lile kwa jina la mama yake.

Alirudi kitini pake mahakamani na kusoma amri. Minara izimwe mpaka kesi itakapokwisha. Na kwa kuwa hakimu hupaswa kutoa sababu, alitoa sababu, akaitengeneza vizuri, maana aliipenda kazi yake: "Mahakama hii haihitaji kuuona uchawi. Inatosha kuyaona matokeo yake, na kumwona aliyenufaika."

Taa ndogo ya kijani ikawaka juu ya Kinasa. Maneno yale yalikwisha ondoka.

*

Injinia alizima minara jioni ile ile. Mawingu yalipita Ikungulu bila kusimama, na baada ya siku kadhaa za kusitasita, mvua ilishuka bondeni. Ilinyesha kama iliyokuwa imefungiwa. Watu walitoka nje na kusimama tu, wakiloweshwa. Dada yake Hakimu, aliyekuwa na shamba huko, alimpigia simu akawa haongei, anaishika tu simu nje ili kaka asikie. Mahindi yalijikunjua. Sokoni, muuza nyanya alikataa pesa ya Hakimu, naye Hakimu akakataa nyanya, wakashindana mpaka nyanya zikaanguka.

Siku alizofurahi hazikuwa nyingi.

Asubuhi moja sungusungu, wale walinzi wa kijiji, walifika mahakamani na bibi kizee mmoja katikati yao. Alikuwa mdogo wa umbo, macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi, khanga yake imefungwa sawasawa. Hakuwa amefungwa kamba, ila hakuwa na pa kupita. Mzee Ng'wandu alikuwa mbele yao.

"Mwangaluka, mheshimiwa," akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mzee. Kuna nini?"

"Tumemleta mama huyu, Mayu Ng'wasi Jilala. Tunaomba ashtakiwe kwa kifungu kile kile."

"Amefanya nini?"

"Wakati mashamba yetu yote yamekauka, lake lilikuwa kijani. Kijiji kizima, mheshimiwa. La kwake peke yake. Maboga makubwa hivi."

"Mzee Ng'wandu, shamba lake linapakana na uzio wa kampuni. Mvua ya minara ilivuka uzio ikamwangukia. Injinia alieleza hapa jinsi minara inavyoshusha mvua, na wewe ulikuwapo."

"Nilikuwapo," alisema Mzee Ng'wandu kwa adabu. "Na nilikusikia wewe pia. Ulisema si lazima kuuona uchawi, yatosha kuyaona matokeo na aliyenufaika. Mimi sikusoma, lakini maneno mazuri huyashika. Matokeo ni yale maboga. Aliyenufaika ni huyu."

Kila alilotaka Hakimu kusema lilikuwa tayari limejibiwa na yeye mwenyewe.

"Huyu mama ni nani kwako?" akauliza mwishowe.

"Ni shemeji yangu, mke wa marehemu kaka. Ndiyo maana namjua."

Alimpokea bibi yule kwa sababu kumrudisha kijijini kulikuwa ni kumtupa. Hakuwa na pengine pa kumweka isipokuwa chumba cha mahabusu. Alimpelekea mwenyewe kiti, blanketi na chai.

Mayu Ng'wasi aliionja chai. "Haina sukari. Ndiyo adhabu yenyewe?"

"Nitakuletea sukari, mayu."

"Niambie kwanza, mwanangu. Hapa umeniweka unilinde au unihukumu?"

"Nikulinde."

"Mlango umefungwa kwa nje," alisema bibi. "Sasa mimi nitaijuaje tofauti?"

Hakimu alipokea kikombe akaenda kutafuta sukari, na alipopita mezani kwake Kinasa kikatoa mlio wake wa heshima, ule uliotungwa na mtu asiyewahi kupata habari mbaya.

"Hongera, mheshimiwa. Uamuzi wako umerejewa katika mahakama nyingine."

"Katika kesi gani?"

Kikamsomea. Wilaya ya jirani, bibi mwenye ng'ombe walionona. Ng'ambo ya mto, mjane aliyenusurika kipindupindu peke yake kwao. Kwingine mkunga, kwa sababu watoto waliopita mikononi mwake waliishi na wa wenzake walikufa. Kila mahali maneno yale yale: *matokeo, na aliyenufaika.* Kinasa kilisoma bila kupumua. Mwishoni kikaongeza kwamba yule mkunga hakufika mahakamani. Nyumba yake ilichomwa naye akiwa ndani, na jalada limefungwa.

Hakimu Mihayo alikaa. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwake.

*

"Futa amri yako," alisema Injinia, alipoitwa pamoja na wakili.

"Siwezi. Amri ikishatiwa muhuri, hakimu aliyeitoa hana mkono tena juu yake. Ni Mahakama Kuu tu."

"Kinasa si kiko hapo? Kitume habari Mahakama Kuu, sasa hivi."

Wakili Adventina alicheka kicheko kisicho na furaha. "Kueneza ni kwa Kinasa, Injinia. Kufuta, hapana. Kanuni ya mapitio haijaguswa tangu enzi za taipureta. Hakimu anayetaka amri yake mwenyewe ifutwe sharti aandike kwa mkono, afunge kwa lakiri, ampe tarishi wa mahakama aipeleke kwa Jaji. Tulipanga kuirekebisha. Ipo kwenye muswada mwingine."

"Basi andika," alisema Injinia.

"Ngoja kwanza," alisema wakili, na sauti yake ikashuka. "Mheshimiwa, mahindi yamefika magotini. Jaji akiisoma barua yako ataifuta amri yote, si kipande. Minara itawaka siku hiyo hiyo. Subiri yabebe. Majuma machache tu, halafu uandike, na mimi nitatia sahihi yangu chini ya yako. Vijiji vitakuwa vimekula."

"Na katika majuma hayo machache, ni mabibi wangapi?" akauliza Hakimu.

Adventina akageuza uso.

"Nauliza kwa sababu wewe una akili ya kisheria kunishinda. Nionyeshe kifungu kinachosema gunia la mahindi ni sawa na bibi mmoja. Au magunia kumi. Nitakitumia."

"Usinifanyie hivyo, mheshimiwa. Na watoto wa bondeni je? Njaa nayo huua. Inaua polepole tu, ndiyo maana haina jalada."

Hilo lilikuwa kweli, na Hakimu alijua kwamba ni kweli. Alimgeukia Injinia. "Amri ikifutwa, utawasha?"

Injinia Kajiru aliangalia mikono yake. "Nitawasha. Nikikataa, wataleta mtu asiyechinja kondoo."

Walipoondoka, Mzee Ng'wandu alikuwa akingoja kwenye benchi la nje. Habari mahakamani haziendi kwa miguu. Aliinuka kwa fimbo yake.

"Nasikia unataka kuirudisha mvua kwao."

"Nataka kuiondoa sheria ile mikononi mwa watu, mzee. Mkunga amechomwa moto."

"Nimesikia. Mungu amrehemu." Kisha akasema bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira, "Mheshimiwa, tumeingoja sheria yenu mpaka ndevu zimeota mvi. Umetupa moja, mbovu, lakini imeleta mvua. Ukituchukulia hiyo, vijana nitawaambia nini?"

"Waambie nimekosea mimi. Wasiende kilimani, waje kwangu. Nyumba yangu wanaijua."

"Watakuja," alisema Mzee Ng'wandu. Halikuwa tishio. Ilikuwa ni kama mtu anayekuarifu juu ya ugeni.

*

Mchana ule mvua ilirudi. Ilipiga bati la mahakama kwa nguvu hata karani Holo Masalu, mwanamke mnene aliyeifanya kazi ile tangu ujana wake, ikambidi apaze sauti kutoka kwa lakiri iliyokuwa ikiyeyuka juu ya mshumaa.

"Iko tayari, mheshimiwa! Inaganda upesi!"

"Ngoja."

Aliandika, akafuta, akaandika tena. Alikuwa na mwandiko wa mtu aliyejifunza kwa taabu, ulionyooka na wa kujitunza.

*Kwa Mheshimiwa Jaji Mfawidhi. Mimi, hakimu niliyetajwa hapo chini, naomba amri yangu katika kesi ya minara ya Ikungulu ipitiwe na kufutwa, pamoja na sababu zake zote, na mahakama zote zilizoitegemea ziarifiwe. Sheria niliyoitumia haikuhusu shauri lile. Nilijua haihusu. Niliitumia kwa kuwa watu walikuwa na haki na mimi sikuwa na kifungu. Nilidhani hakimu akiwa na nia njema aweza kuazima panga la mwizi akakatia kuni, kisha akalirudisha. Halirudi. Amri hii ikifutwa, vijiji vya bondeni vitakosa mvua tena, na hilo nalo litakuwa juu yangu. Naomba kwa unyenyekevu kwamba siku utakayoifuta, swali la mzee mmoja lifikishwe kwa wanaotunga sheria, kwa maneno yake mwenyewe: ng'ombe ni wa nani? Wasingoje kwanza kukubaliana wingu ni nini.*

Aliisoma barua tena, akaona mahali ambapo angeweza kujipendelea kidogo. Akapaacha kama palivyokuwa. Akatia sahihi.

Kutoka chumba cha mahabusu Mayu Ng'wasi alikuwa akiimba wimbo wa kupandia, polepole, na bati likimfuatisha. Hakimu alijikuta anatega sikio. Bondeni, kwenye mahindi ya dada yake, mvua ilikuwa ikiingia ardhini saa ile, na kila tone lilikuwa na faida.

"Mheshimiwa," alisema Holo, "lakiri."

Alikunja karatasi mara tatu. Holo akadondosha lakiri juu ya mkunjo, nyekundu, nzito. Hakimu Mihayo aliweka muhuri juu yake, akaukandamiza, akashikilia mpaka ikapoa chini ya mkono wake. Kisha akampa tarishi barua. Tarishi aliiingiza ndani ya koti, akalifunga vifungo mpaka shingoni ili barua isilowe, akainamisha kichwa, akatoka mvuani.